Maswali ya Wasomaji: Simu ya Kusomea Inapokesha

Mwanangu yuko kidato cha tatu, shule ya kutwa. Walimu hutuma noti kwenye grupu la WhatsApp, kwa hiyo siwezi kumnyima simu. Nilimwekea kikomo cha TikTok, saa moja kwa siku, lakini bado anaamka macho mekundu. Nikimuuliza, anasema alikuwa anasoma. Nifanyeje?
*Mama, Morogoro*

Mama, tuanze na hicho kikomo. Kama ulikiweka kwenye Digital Wellbeing ya Android, yaani sehemu ya mipangilio ya simu inayopima matumizi, kipima muda chake huanza upya saa sita kamili usiku. Kijana aliyemaliza muda wake jioni anasubiri tu. Ikifika saa sita na dakika moja ana saa nyingine nzima mkononi, nawe umeshalala. Tena kwa kawaida hakiombi nywila, kwa hiyo anaweza kukifuta usiku na kukirudisha kabla hujaamka. Kimewekwa kwa ajili ya mtu anayejizuia mwenyewe. Ukitaka kufunga ukiwa kwenye simu yako, tumia Family Link, programu ya Google ya wazazi: humo unapanga saa ya simu kulala, na programu mpya haipakuliwi bila idhini yako.

Hata hivyo dawa tunayoiamini zaidi haina programu yoyote. Chaja iwe moja, iwe chumbani kwako, na simu ifike hapo saa mbili na nusu usiku. Atakwambia anaihitaji kwa alamu. Mnunulie saa ya mezani. Mtoto wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala kati ya saa 8 na 10, kwa hiyo anayeamka saa kumi na moja alfajiri awahi daladala anatakiwa awe usingizini saa tatu.

Sasa grupu. Noti zenyewe kwa siku huwa PDF moja au mbili na picha chache za ubao. Kinachobaki ni salamu, stika na ubishi wa Simba na Yanga. Fungua grupu, gusa jina lake juu, zima arifa, chagua daima. Jioni mpe simu kwa dakika 15: apakue noti, anakili maswali ya kazi kwenye daftari, kisha simu itoke mezani. Kama lazima asomee humo humo, azime data, maana PDF iliyokwisha kupakuliwa haihitaji intaneti. Msisitizo wetu si wa bure: ripoti ya UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, ya 2023 kuhusu teknolojia katika elimu inasema mwanafunzi aliyekatizwa anaweza kuchukua hadi dakika 20 kurudisha akili kwenye somo. Ujumbe tatu tu, saa nzima imekwenda, na yeye ataapa kwamba alisoma. Kwa namna fulani hadanganyi. Kitabu kilikuwa wazi mbele yake.

Jambo jingine, mwombe mwalimu abadili mpangilio wa grupu ili wasimamizi pekee ndio watume. Kelele zote zinakwisha siku hiyo hiyo.

Wanafunzi wangu wananiletea insha za ChatGPT. Kuna programu ya kuwakamata?
*Mwalimu wa sekondari, Mombasa*

Zipo, Mwalimu, ila usimwadhibu mtu kwa kuzitegemea. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2023 walizijaribu programu 7 za aina hiyo kwa insha za Kiingereza zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo ziliitwa kazi ya mashine. Sababu ni kwamba programu hizo hushuku maandishi yenye msamiati mwepesi unaotabirika, na hayo ndiyo maandishi ya mtu anayejifunza lugha. Wanafunzi wako wanaingia humo moja kwa moja.

Badili kazi yenyewe. Rasimu ya kwanza iandikwe darasani, dakika 20, kwa kalamu, nawe uisaini. Nyumbani waiboreshe, wazilete zote mbili. Kwenye fasihi, dai nukuu pamoja na ukurasa, kisha fungua kitabu. ChatGPT na mashine za aina yake hubuni nukuu bila haya, na aliyenakili hajawahi kuhakiki. Ukibaki na shaka, mwite, chagua sentensi moja ya insha yake na umwambie aieleze kwa maneno mengine. Dakika mbili zinatosha.

Shikamooni. Mimi hupiga picha ubao badala ya kuandika, halafu nazisoma karibu na mtihani. Lakini sikumbuki kitu. Kwa nini?
*Mwanafunzi wa kidato cha pili, Tanga*

Marahaba. Kwa sababu picha inakumbuka kwa niaba yako. Kutazama tena kunakupa hisia ya kujua, kwa kuwa macho yanakitambua kilichoandikwa. Mtihani unataka ukitoe kichwani. Jioni ile ile, kabla ya kufungua picha, andika kwenye karatasi yote unayokumbuka ya somo kwa dakika 10. Ndipo ufungue picha usahihishe kwa kalamu nyekundu. Rudia baada ya siku 3, kisha baada ya wiki. Somo likikaa bila wekundu, ifute picha. Itakuachia nafasi kwenye simu pia.