Moyo Uliogeuka Figo: Niliyojifunza Kuhusu Picha za Kufundishia

Somo langu la kwanza la kwenye kompyuta lilihusu moyo. Nilitafuta picha mtandaoni, nikaibandika kwenye slaidi, nikaishika pembeni na kuivuta mpaka ikajaa skrini nzima. Projekta ilipowaka, sauti ikatoka viti vya nyuma: "Samahani mwalimu, hiyo ni figo?"

Darasa likaangua kicheko, nami nikacheka nao. Lakini jioni niliifungua ile picha nikiwa peke yangu nikaikagua. Ilikuwa na pikseli 320 kwa 240. Pikseli ni kimraba kidogo chenye rangi moja tu. Vikipangwa vingi pamoja, jicho linaona picha. Picha yangu ilikuwa na vimraba 76,800. Skrini niliyoijaza ilikuwa ya 1920 kwa 1080, yaani vimraba 2,073,600. Ukigawanya utaona kwamba kila pikseli ililazimika kutandazwa hadi ikae nafasi ya pikseli 27. Kompyuta haina pa kuzipata hizo nyingine, kwa hiyo inakisia rangi za katikati, na makisio hayo ndiyo yaliyoipa picha ukungu. Halafu nilikuwa nimevuta upana mara 6 na kimo mara 4.5, basi moyo ukanenepa ubavuni. Aliyesema figo hakukosea sana.

Somo lile la moyo nimelifundisha mara nyingi tangu siku hiyo, na kila mara nimebadilisha picha. Karibu yote ninayoyajua kuhusu picha za kidijitali nimeyapata kwa kuharibu mchoro huo mmoja kwa njia mbalimbali.

Baada ya aibu ya figo nilikimbilia upande wa pili: picha kubwa kuliko zote. Kumbe nako kuna matatizo yake. Picha ya simu yenye pikseli 4000 kwa 3000 ina pikseli milioni 12, na kila moja huhitaji baiti 3, moja ya nyekundu, moja ya kijani, moja ya buluu. Hata kama faili limebanwa likawa dogo kwenye diski, likifunguliwa linakula takriban megabaiti 36 za kumbukumbu. Nilibandika picha kama hizo ishirini, nikazipunguza kwa kuvuta pembe kwenye slaidi, nikadhani nimezipunguza kweli. Nilichopunguza ni namna zinavyoonekana tu. Pikseli zote zilibaki mle ndani. Slaidi zikawa zinafunguka kwa kujikokota. Siku hizi napunguza picha kwanza kwenye programu ya kuhariri, upana wa pikseli 1920 ukiwa ndio kikomo changu kwa skrini, ndipo naibandika. Ikiwa ni ya kuchapishwa, hesabu ni nyingine: ukurasa mzima wa A4, kwa nukta 300 kwa kila inchi, unataka pikseli 2480 kwa 3508. Na usishangae buluu inayong'aa kwenye skrini ikitoka imefifia kwenye karatasi. Skrini hutoa mwanga, wino hauwezi.

Lakini wingi wa pikseli si kila kitu. Mwaka 1957, mtaalamu wa kompyuta Russell Kirsch na wenzake nchini Marekani waliingiza picha kwenye kompyuta kwa skana waliyoiunda wenyewe. Ilikuwa picha ya mwana mchanga wa Kirsch, pikseli 176 kwa 176. Ni chini ya nusu ya picha yangu ya moyo, na bado ukiitazama unajua kabisa kwamba huyo ni mtoto. Uso tunaujua tangu tuzaliwe, kwa hiyo jicho linajaza yaliyokosekana. Vali ya moyo, kile kilango kinachozuia damu kurudi nyuma, mwanafunzi hajawahi kuiona, hana cha kujazia. Ndiyo maana naziogopa programu zinazokuza picha kwa akili bandia pale ninapofundisha: hubuni vitu vidogo vidogo vinavyoelekea kuwa kweli. Kwenye picha ya sherehe sawa. Kwenye mchoro wa vali, sitaki kitu cha kubuni.

Dawa ya kudumu ya tatizo la kukuza niliipata nilipoacha kutafuta picha za moyo nikaanza kuuchora mwenyewe kwa vekta. Faili la vekta halihifadhi vimraba, linahifadhi maagizo: anzia hapa, pinda hivi, jaza rangi hii. Ukiukuza mchoro, kompyuta inafuata maagizo upya kwa ukubwa mpya, na ukingo unabaki mkali. Umeshaliona hili bila kulijua, kwa sababu herufi za kwenye skrini yako nyingi ni vekta. Ndiyo maana unaweza kukuza maandishi hadi yajae ukuta yasipate ukungu. Aina inayotumika sana mtandaoni ni SVG, iliyopitishwa kuwa kiwango mwaka 2001. Faida niliyoipenda zaidi ni kwamba kila kipande kinasimama peke yake. Nikitaka kuonyesha vali tu, naficha vingine. Usijaribu hilo kwa picha ya kamera, maana uso wa mtu na mawingu havielezeki kwa mistari michache.

Sasa aina za faili. Niliwahi kuandaa mwongozo wa programu ya mahesabu, nikapiga picha za skrini, nikazihifadhi kama JPEG kwa kuwa ndiyo niliyoizoea. Nikaongeza mshale, nikahifadhi. Nikausogeza, nikahifadhi tena. Kufika mara ya sita, 3 na 8 zilikuwa hazitofautiki, na msomaji mmoja alifuata mwongozo wangu kwa uaminifu akaingiza tarakimu isiyo sahihi. JPEG, kiwango cha mwaka 1992, huigawa picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8 na kutupa yale ambayo jicho kwa kawaida haliyaoni. Kwenye picha ya bustani hutagundua. Kwenye herufi nyeusi juu ya nyeupe, mabaki yanatapakaa kama vumbi kuzunguka kila ukingo, na kila unapohariri na kuhifadhi upya, unatupa tena. PNG, iliyotoka mwaka 1996, inabana bila kutupa chochote, na inaruhusu usuli, yaani eneo la nyuma ya mchoro, uwe wazi kama kioo ili mchoro ukae juu ya kitu kingine. Kwa hiyo picha za kamera naziweka JPEG, picha za skrini PNG, michoro SVG. GIF yenye rangi zake 256 nimeiachia vichekesho.

Hayo yote unaweza kuyafanya sawasawa na mwanafunzi bado asielewe. Mchoro wangu wa tatu wa moyo ulikuwa safi ajabu: kivuli, mng'ao, usuli wa buluu inayofifia, na sehemu zote zimepewa namba 1 hadi 14, majina yakiwa yamepangwa chini. Niliwatazama wanafunzi wakiusoma. Macho yalipanda, yakashuka, yakapanda, na wakifika namba 9 wameshasahau 8. Richard Mayer, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechunguza kwa miaka mingi namna watu wanavyojifunza kwa maneno na picha, alionyesha kwamba maneno yakikaa karibu na kile yanachokieleza, na mapambo yasiyohusika yakiondolewa, watu huelewa zaidi. Niliyasoma hayo baada ya kuteseka, kama kawaida yangu. Nikaondoa namba, nikaandika majina kandokando ya sehemu zenyewe, nikatupa mng'ao. Mchoro ukawa mbaya kidogo kwa macho yangu, na maswali yakapungua.

Rangi ndiyo iliyonishinda kwa muda mrefu. Kwenye michoro ya moyo, damu yenye oksijeni nyingi huchorwa nyekundu na yenye oksijeni kidogo huchorwa buluu. Mwanafunzi mmoja alinieleza kwa kujiamini kabisa kwamba nusu ya damu yetu ni ya buluu. Siyo, zote ni nyekundu, moja imekoza zaidi. Mchoro wangu ndio uliomdanganya, kwa sababu sikusema kwamba rangi hizo ni mapatano tu. Yapo mengine ya namna hiyo: upande wa kushoto wa moyo unakaa kulia mwa mchoro, kwani tunamchora mtu anayetutazama. Siku hizi nayaandika mambo hayo mawili pembeni, kwa herufi zinazoonekana.

Tena, usiiachie rangi peke yake kubeba maana. Kuna wanafunzi wasiotofautisha nyekundu na kijani, wengi wao wakiwa wanaume. Kipimo changu ni rahisi: nageuza mchoro mzima kuwa wa kijivu. Ikiwa mishale miwili imefanana, naipa mmoja mstari wa vidoti. Kwa maandishi, miongozo ya kimataifa ya tovuti inataka mwanga wa herufi na wa usuli utofautiane kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1, na vipo vikokotoo vya bure mtandaoni vya kupima hilo.

Nilijaribu pia mchoro unaotembea, damu ikizunguka bila kusimama. Ulipendwa sana. Nilipouliza damu inatoka wapi kabla ya kuingia kwenye mapafu, kimya. Kilichotembea kilikuwa kimeshapita. Nikaukata vipande vinne vilivyosimama, na kitufe cha kwenda kipande kinachofuata mwanafunzi akiwa tayari.

Kabla ya kuutumia mchoro mpya, namtafuta mtu asiyelijua somo, nampa, nanyamaza. Wa mwisho niliyempa alianza vizuri, akafuata damu kwa kidole kutoka mwilini hadi chumba cha juu cha kulia, akashuka cha chini, kisha kidole kikasimama. Akaniuliza, "Hapa naenda wapi?" Mshale wa kwenda mapafuni ulikuwepo, mwembamba, umejificha nyuma ya jina la mshipa. Nikalisogeza jina, nikaunenepesha mshale, nikamrudishia.