Kabla ya Kuilaumu Glezi, Kagua Chombo

Mwaka wangu wa kwanza wa kuchoma vyombo vya joto kali hapa Kisumu, yaani vile vinavyopita nyuzi 1,200 za selsiasi, kila sahani iliyotoka tanurini na kasoro niliisingizia glezi, yaani mpako unaoyeyuka na kuwa kama kioo juu ya chombo. Nilikesha nikipima upya kaolini na feldispa, madini ya kutengenezea glezi, ilhali chombo chenyewe kilikuwa kinanionyesha kosa langu.

Anza na ufa. Pitisha kidole taratibu ukingoni mwake: ukiwa mkali kama kigae cha kioo, chombo kilipasuka wakati wa kupoa, glezi ikiwa imekwisha kuganda, ukiwa laini na glezi imetiririkia ndani, ufa ulikuwepo kabla glezi haijayeyuka, pengine tangu siku za kukausha. Sahani zangu zilikuwa za aina ya kwanza. Kwa pupa ya kuziona, nilikuwa nikifungua tanuri likiwa bado na nyuzi 300, bila kujali kwamba kristobalaiti, aina mojawapo ya silika (madini ya mchanga) iliyo udongoni, hubadili ukubwa ghafla karibu na nyuzi 226. Siku hizi nasubiri lishuke chini ya nyuzi 100, hata mteja apige simu mara tatu.

Vishimo mithili ya tundu za sindano vilinisumbua zaidi. Nilipovunja kikombe kimoja nilikuta kiini cheusi katikati ya ukuta wake, dalili kwamba mabaki ya mimea yaliyomo udongoni hayakuungua yakaisha katika uchomaji wa kwanza, ule wa kabla ya kupaka glezi, na gesi yake ikaja kutoboa glezi iliyokwisha kuyeyuka. Sasa, kati ya nyuzi 700 na 900, napandisha joto polepole huku tundu la hewa likiwa wazi. Katika uchomaji wa pili nalishikilia joto la kilele kwa dakika 15 hivi ili glezi ipate nafasi ya kujiziba.

Glezi ikijikunyata na kuacha mabaka matupu, shuku vumbi, mafuta au mpako mzito. Kwetu ilikuwa mandazi ya saa nne: alama za vidole zilionekana wazi kabisa kwenye bakuli.

Kuna pia udongo wenyewe. Ule ambao akina mama wafinyanzi wa Nyanza hutumia kwa vyungu ni hodari katika moto wa wazi, nami kwa ujuaji nikaupeleka hadi nyuzi 1,250. Bakuli lilivimba, likalegea, likang'ang'ania rafu ya tanuri hata nikalazimika kulibandua kwa patasi, na rafu ikaharibika. Tangu hapo udongo wowote mgeni huingia kwanza kama kipande cha ukubwa wa kidole gumba, juu ya kigae kibovu, kando ya koni, kijipande cha kupimia joto ambacho hupinda tanuri likifikia kiwango chake.