Jibu: programu ya kahawa ianze na mizani
Ndugu, umeuliza kama programu yako ya kuwaunganisha wakulima wa kahawa wa Lushoto na wanunuzi ianze na soko au na ramani ya mashamba. Mimi ningeanza na mizani, yaani kuandika kilo anazoleta mkulima kituoni. Kahawa mbivu hutakiwa kumenywa siku ileile iliyochumwa, hivyo jioni, foleni ikiwa ndefu na mvua inanyesha, karani wa mizani hawezi kujaza kurasa sita. Mpe skrini moja tu yenye namba ya mkulima na kilo, ihifadhi taarifa hata mtandao ukikatika, kisha mkulima apate ujumbe mfupi kwenye simu yake ya kitochi. Niliwahi kushika stakabadhi iliyoloa hadi 8 ikasomeka 3, na ugomvi wake haukuwa mdogo.

Tenganisha pia hatua za zao, kwa kuwa kilo 100 za kahawa mbivu hutoa takriban kilo 20 tu za kahawa ya maganda iliyokauka, yaani mbegu zilizomenywa nyama lakini bado zina ganda la ndani. Ramani ifuate baadaye: sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 kuhusu ukataji wa misitu inadai mahali shamba lilipo, lakini kwa shamba lisilozidi hekta 4, nukta moja kwenye ramani inatosha.