Muulize Mama Gereji: Milioni 40 za STI au 23 za WRX?

SWALI: Salamu nyingi, Mama Gereji. Nina miaka 32, kazi yangu iko Mukono, na kila Ijumaa jioni nakwenda kwa wazazi Bugembe, pale nje kidogo ya Jinja, narudi Jumapili. Nimeweka akiba kwa miaka sita, sasa nina shilingi milioni 42 za Uganda. Tangu nikiwa shule ya msingi ndoto yangu ni Subaru Impreza ya turbo. Nimepata mbili, zote za 2006, zote za gia za mkono. Moja ni WRX STI, mwenyewe anataka milioni 40. Ya pili ni WRX ya kawaida, milioni 23. Mke wangu anasema nichukue ya 23. Rafiki zangu wanasema nikinunua WRX nitajuta kila STI itakaponipita. Je, STI inastahili milioni 17 zaidi? – Msomaji, Mukono

JIBU: Nunua WRX, mwanangu. Nimelitanguliza jibu ili usome yaliyobaki ukiwa umetulia. Lakini rafiki zako hawakukudanganya kuhusu STI yenyewe, na sitaki uichukue WRX ukidhani STI ni WRX iliyobandikwa beji ya STI ya rangi ya waridi.

STI ni gari jingine kabisa. WRX ya Japani ya mwaka huo ina nguvu za farasi 250, STI ina 280. Hiyo tofauti ya 30 si kitu. Kitu ni msukumo: WRX inatoa niutoni-mita 333 hivi, STI 422. Hapo ndipo mgongo unapobandikwa kwenye kiti. Breki za mbele za STI ni za kampuni ya Brembo, na diski zake zina kipenyo cha milimita 326. Ukizikanyaga kwenye mteremko gari linasimama kama limefungwa kamba. Giaboksi yake ni ya gia sita, iliyotengenezwa kwa ajili ya mateso. Ile ya gia tano ya WRX ndiyo udhaifu wake mkubwa: ukizoea kuachia klachi kwa ghafla huku injini inanguruma, ili matairi yote manne yachimbe, meno ya gia yatakatika tu.

Mimi nimekulia Tororo, kwenye nyumba za reli, baba yangu akiwa mtu wa karakana. Mwaka 1997 Colin McRae aliposhinda Safari Rally kule Kenya akiwa na Impreza, na Richard Burns alipoirudia kazi hiyo mwaka 2000, kwetu habari ilifika kwa redio na kwa madereva wa malori kabla ya gazeti. Nilipofungua injini ya Subaru kwa mara ya kwanza, pistoni zimelala mbili kushoto na mbili kulia, nilihisi nimeshika kitu nilichokijua siku nyingi. Kwa hiyo hamu yako naielewa, na sikuombi uiache.

Ninachokuomba ni utazame umri. Sheria yetu ya mwaka 2018 ilizuia kuingiza nchini gari lililofikisha miaka 15 tangu litengenezwe. Impreza za umbo hilo ziliishia 2007. Maana yake ni kwamba hakuna hata moja itakayoshuka tena kutoka melini Mombasa ikiwa na maili zake za Japani. Zilizopo ndizo zilizopo, na kila moja imeshapita mikononi mwa watu watatu, wanne, watano hapa hapa kwetu. Ukinunua leo unanunua jinsi watu hao walivyoliendesha. Na mtu anayenunua STI hainunui ili aende nayo sokoni taratibu. Katika magari yanayoingia gerejini kwangu Ndeeba, Kampala, WRX iliyokuwa ya mwalimu au ya mama wa ofisini naiona. STI ya namna hiyo nimeiona mara moja.

Halafu kuna STI ambazo si STI. Mwaka 2013 mdogo wangu wa kiume alikuja amefurahi hadi hawezi kukaa, amenunua STI kwa muuzaji mmoja hapa mjini na ameongeza milioni 14 juu ya bei ya WRX. Spoila kubwa ipo, beji zipo, kalipa za breki ni za rangi ya dhahabu. Nikaingia, nikakanyaga klachi, nikatafuta rivasi. Niliikuta chini kulia, chini ya gia ya tano. Sikuhitaji hata kufungua boneti. STI ya gia sita rivasi yake iko juu kushoto, kando ya gia ya kwanza, na haiingii mpaka uinue kwa vidole ile pete iliyo chini ya kichwa cha gia. Nikashuka, nikakwangua kalipa kwa ukucha. Dhahabu ikatoka, chini yake kutu, na maandishi ya Brembo yalikuwa stika. Nikamfungulia boneti nikamwonyesha namba ya chesisi iliyopigwa kwenye bati la nyuma ya injini: inaanza na GDA. STI ya sedani inaanza na GDB. Alisimama pale amekunja mikono kifuani, hakusema neno, na mimi sikupata la kumwambia. Zile milioni 14 zilikuwa ada ya shule ya watoto wake wawili.

Kwa hiyo kabla hujafika kwenye swali la ipi ni bora, hakikisha kwanza kwamba hiyo ya milioni 40 ni yenyewe. Gia, chesisi, na boliti za matairi. STI ya 2006 boliti zake tano zimepangwa kwenye duara la milimita 114.3, WRX ni milimita 100. Rimu ya moja haikai kwenye nyingine. Rangi na beji vinadanganya, lakini habu ya gurudumu haidanganyi.

Tuseme ni yenyewe. Sasa nikwambie kinachoziua hapa kwetu. Injini ya STI ya Japani kompyuta yake imepangwa kwa petroli ya kwao ya daraja la juu, yenye okteni 100 hivi. Ukiijaza petroli hafifu huku turbo inasukuma hewa kwa presha kubwa, mafuta yanawaka kabla ya wakati wake, na injini inagonga. Ukiwa na sikio unasikia kama kokoto ndani ya kopo. Muziki ukiwa juu husikii. Niliwahi kufungua injini ya kijana mmoja, STI safi, nyeupe, ambayo mtu alimwongezea presha ya turbo kwa kompyuta na yeye akaendelea kujaza petroli ya bei ya chini kabisa. Kwenye pistoni ya nne ule ukingo unaoshikilia ringi ulikuwa umemeguka kama mdomo wa kikombe cha udongo. Kipande chenyewe hakizidi ukucha wa kidole cha mwisho. Nilimwekea kiganjani. Hakuwa na pesa ya kufanya ovahoo, maana zote ziliishia kwenye kununua, na gari lile lilikaa chini ya turubai kwangu miezi minane, matairi yakilala taratibu mpaka rimu zikagusa chini.

WRX nayo ilitengenezewa petroli nzuri, usije ukaidanganya. Jaza ya juu kila mara. Ila presha ya turbo yake ni ndogo, kwa hiyo siku moja ukikwama Lugazi kwenye kituo kisicho na petroli hiyo, ukaweka ya kawaida ukaendesha kwa upole, itakusamehe.

Hesabu ya mwezi ni hii. Safari zako za Bugembe na mizunguko ya Mukono nazikadiria kilomita 1,200. Kwa nilivyoziona gerejini, WRX inayotunzwa inakwenda kilomita 9 kwa lita, STI 7 na nusu. Hizo ni lita 133 dhidi ya 160. Weka lita kwa shilingi 5,500, STI inakula karibu 150,000 zaidi kila mwezi, na hapo hujagusa spea. Pedi na diski za WRX utazipata soko la spea la Kisekka au hapa Ndeeba ukiwa umesimama, na ukichelewa kidogo bei inashuka. Za Brembo halisi utaagiza na kusubiri, au utauziwa zilizotumika ambazo hujui zilitoka kwenye ajali gani. Giaboksi ya gia sita haivunjiki ovyo, lakini ikivunjika, bei ya nyingine iliyotumika inaweza kukufanya uuze gari.

Na utaiendesha wapi? Nakwenda Jinja mara kwa mara. Barabara ile ni njia mbili, malori ya kutoka Mombasa yamejipanga kutoka Mabira, na unachokihitaji pale ni kuvuta gia ya tatu, kupita lori moja au mawili salama, na kurudi upande wako. WRX inafanya hivyo bila kuhema. Labda unawaza kuifungua kwenye barabara ya kulipia ya Entebbe. Utalipa 5,000, utakanyaga, STI itafika kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 5 hivi na WRX kwa 6, na kilomita 100 ndiyo mwisho ulioruhusiwa. Umelipa milioni 17 kwa sekunde moja. Rafiki zako wana haki, STI itakupita. Iache ipite.

Sasa zile pesa. Ukinunua STI unabaki na milioni 2, na gari la umri huo halijawahi kuingia nyumbani kwa mtu bila kudai zaidi ya hapo mwezi wa kwanza. Ukinunua WRX unabaki na milioni 19. Usiziguse kwa rimu wala ekzosi. Anza na mkanda wa taiming, hata muuzaji akikuapia kwamba aliubadilisha juzi. Mkanda ule una kilomita 100,000 za maisha, na ukikatika pistoni zinagonga valvu na injini imekwisha pale pale barabarani. Ukiubadilisha, badilisha na roli zake, na kikaza mkanda, na pampu ya maji, kwa sababu pampu inazungushwa na mkanda huo huo na fundi ameshafungua mbele yote. Kisha nunua matairi manne yanayofanana, ya chapa moja na ubichi mmoja. Subaru inasukuma magurudumu yote manne, na tairi moja jipya kati ya makuukuu linaitesa difu ya katikati, ile inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, kila mita unayokwenda. Shokomzoba na bushi zikague, maana barabara zetu hazikuziacha. Oili kila kilomita 5,000, na pima kijiti kila Jumapili kabla hujaondoka Bugembe. Injini hizi hunywa oili kimya kimya, na oili ikipungua beringi za chini huanza kulia na hakuna wa kuzinyamazisha. Kwa yote haya milioni 6 au 7 zinatosha kuwa na gari ambalo mkeo anaweza kulipanda na mtoto usiku bila wewe kuwa na wasiwasi. Zinazobaki ziweke benki.

Ukienda kuiangalia, nenda asubuhi na mapema na usimwambie mwenyewe saa. Weka kiganja juu ya boneti kabla ya salamu kwisha. Kama ni ya moto, ameipasha ili usisikie inavyoamka. Mwambie utarudi kesho. Ikiwa baridi, mwombe aiwashe wewe ukiwa nyuma kwenye ekzosi. Moshi wa bluu usiokoma, ondoka. Kisha hamia mbele usikilize: sauti nyepesi ya kugonga inayoisha injini ikipata joto inavumilika, ile inayozidi ukiongeza mafuta ni ya beringi. Kagua logibuku, yaani kadi ya umiliki wa gari, uone jina la anayekuuzia limo. Na kama WRX hiyo itashindwa kwenye mambo haya, usiifuate STI kwa hasira. Tafuta WRX nyingine.

SWALI: Mama, nina WRX ya 2003, ile ya station wagon, na kila wiki napanda nayo Sipi, kule mlimani. Fundi mmoja amepata turbo ya STI kwa bei nafuu, anasema akiifunga gari langu litakuwa STI. Nikubali? – Msomaji, Mbale

JIBU: Usikubali, ndugu yangu. Turbo kubwa inaleta hewa nyingi, na hewa nyingi inataka mafuta mengi. Injekta zako, pampu yako ya mafuta na kompyuta yako havijui kwamba turbo imebadilishwa, kwa hiyo mafuta yatakuwa machache, silinda zitapata joto kupita kiasi, na utaniletea kipande cha pistoni kama kile nilichokisimulia hapo juu. Hata ukibadilisha vyote hivyo, utakuwa umetuma nguvu za STI kwenye giaboksi ya gia tano.

Muulize fundi huyo kitu kimoja: kabla ya turbo, je, amewahi kukubadilishia majimaji ya breki? Gari la 2003 linalopanda na kushuka Sipi kila wiki linahitaji hayo kwanza, na pedi nzuri nne za mbele. Fanya hayo wiki hii, uniandikie ulivyoona kwenye mteremko.