Barua kwa Mwanangu: Kabla ya Tableti

Mwanangu Rehema,

Salamu kutoka Tanga. Sote wazima, na bibi yako ameanza tena kutoka nje kukaa barazani jioni. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unauliza ununue tableti ya kuchorea sasa au usubiri mwaka wa pili wa chuo, maana mwalimu ameandika pembeni mwa kazi yako kwamba lugha yako ya picha bado changa, na wenzako wenye tableti unaona wamekuacha nyuma.

Lugha hiyo, mama, maneno yake ni machache: doa, mstari, umbo, rangi, uzito wa rangi, yaani giza au mwanga wake, na nafasi iliyoachwa tupu. Jicho kwanza, mkono baadaye. Umenisikia nikilisema hilo tangu ukichora ukutani kwa mkaa.

Unaikumbuka doti ya kanga ya harusi ya Zuhura. Jina, yale maneno yanayoandikwa juu yake, alilichagua bibi mwenyewe: WEMA HAUOZI. Mji, ile sehemu ya kati, wa kijani, herufi nyekundu. Sampuli ilipokuwa mezani, tumeiinamia, kila mtu aliisifu. Siku ya siku kina mama wamejifunga sare yao, na kutoka upande wa pili wa ua hapakuwa na aliyeweza kusoma neno. Herufi zilikuwa zikitetemeka tu. Bibi akasimama mlangoni anawasomea wageni jina la kanga aliyoiagiza yeye. Kila nikiiona ile doti kabatini roho inaniuma, kwa sababu kosa lilikuwa la kuonekana mapema. Nyekundu ile na kijani kile zilikuwa rangi mbili zenye uzito mmoja, na jicho hushika ukingo wa herufi kwa tofauti ya giza na mwanga kuliko kwa tofauti ya rangi. Tungeipiga sampuli picha kwa simu, tukaigeuza ya nyeusi na nyeupe, herufi zingezama ndani ya mji mbele ya macho yetu. Kijani kingeshushwa kikaribie weusi, au herufi zingeachwa nyeupe, basi.

Itazame kisutu, ile kanga ya kiasili ya harusi, uone. Nyeusi, nyekundu, nyeupe: ngazi tatu za uzito zilizoachana mbali. Hata ikiwa kwenye kamba ya nguo nyumba ya tatu, unajua ni kisutu.

Kwa hiyo fanya hivi. Kanga ina kama sentimita 150 kwa 110. Kata dirisha la sentimita 7.5 kwa 5.5 kwenye karatasi ya manila, hiyo ni kanga iliyopunguzwa mara ishirini. Lishike mbele ya jicho moja, lisogeze karibu na mbali mpaka kitu unachokitazama, iwe ngalawa au rundo la nazi sokoni, kikae vizuri ndani yake. Kisha chora visanduku ishirini vya kipimo hicho hicho, dakika tatu kila kimoja, kwa ngazi tatu tu: weupe wa karatasi, penseli ya 2B, na penseli ya 6B iliyo nyeusi zaidi. Fumba macho nusu unapotazama, vitu vidogo vipotee yabaki mafungu ya giza na mwanga. Utakapoharibu ni pale utakapoanza na kope kabla ya kichwa, au utakapochora nazi peke yake ukasahau umbo la nafasi iliyo kati ya nazi na nazi. Lichore hilo tupu kwanza. Nazi zitajitokeza zenyewe.

Halafu pindo, ule ukanda unaozunguka kanga, maana hapo wengi huumbuka. Ukitoa upana wa sentimita 15 kila upande, na pembe ukaziwekea miraba yake, kati ya pembe na pembe zinabaki 120 kwa urefu na 80 kwa upana. Ua la sentimita 10 litaingia mara 12 na mara 8. Ua la 12 litaingia mara 10 kwa urefu, lakini kwa upana utabaki na vipande, ua limekatwa kichwa pembeni. Tafuta kipimo kinachogawa pande zote mbili kabla hujachora jani hata moja.

Hapo utaniambia tableti inagawa yenyewe. Kweli inagawa. Na inabadili rangi mara ishirini bila kupoteza tone la wino, jambo ambalo karatasi hailiwezi. Tungekuwa nayo wakati wa harusi ya Zuhura pengine bibi asingesimama mlangoni. Lakini ngoja: simu tulikuwa nayo, mfukoni, na hakuna aliyewaza kuitoa. Jicho kwanza, Rehema. Tena tableti inakuruhusu kukuza picha mpaka unapamba jani moja saa nzima huku mji mzima umepinda. Ingawa, mtu mwenye nidhamu anaweza kuizuia isikuzwe.

Niliahidi kwamba mambo ya chuo utaamua mwenyewe, kwa hiyo nunua au usinunue sisemi, na ujue kunyamaza huku kunanigharimu. Nitumie kwanza vile visanduku ishirini. Vipige picha mchana karibu na dirisha, usivipige chini ya taa, na kila kimoja nyuma yake uandike ulisimama wapi na saa ngapi.

Baba yako