Kabla hujanunua vichwa vipya vya bwawa, tazama kilichokwama ndani ya vile vya zamani

Nimekulia Tanga. Bwawa letu lilikuwa bahari, na kazi ya kulisafisha ilikuwa ya maji kupwa na maji kujaa. Sasa naishi Mesa, jirani na Phoenix kule Arizona, kwenye nyumba yenye bwawa uani. Sakafuni mwa bwawa hilo vimezikwa vichwa 14 vya plastiki. Pampu ikiwaka, vinachomoza na kurusha maji kwa nguvu, vikisukuma uchafu kuelekea kwenye tundu kuu la chini. Presha ikiondoka vinazama tena, hata ukikanyaga hapo hutahisi kitu. Kila kinapochomoza kinakuwa kimegeuka kidogo, mpaka kimalize mduara. Havichomozi vyote kwa pamoja: karibu na pampu kuna vali yenye gia inayogawa maji kwa zamu, kundi baada ya kundi.

Mwaka wa tatu sakafu ikaanza kubaki na vumbi. Fundi alikuja, akainama kidogo, akasema vichwa vimekwisha, vibadilishwe vyote. Aliponitajia bei, mwenzangu alicheka. "Baba Salma, kwa hela hiyo si bora ununue fagio uingie mwenyewe?"

Nikaingia mwenyewe, ila kwanza nilikaa ukingoni asubuhi moja, maji yakiwa yametulia, nikisoma sakafu. Fanya hivyo kabla ya kushika kitu chochote. Ukiona pamesafishika umbo la kipande cha chapati na kwingine kote ni vumbi, kichwa hicho kinachomoza lakini hakigeuki. Kikibaki kimesimama hata pampu ikizimwa, kuna kitu kimekibana shingoni. Kundi moja lote likiwa dhaifu, huenda kichwa kimoja cha kundi hilo kimechomoka au kimepasuka na maji yanaishia hapo. Vali ikikwama kwenye kundi moja bila kuhama, fungua uangalie gia. Na vikilegea vyote, usiguse vichwa; safisha kikapu cha pampu na chujio kwanza. Kwangu vilivyokufa vilikuwa vitatu tu.

Kuvitoa si kazi ngumu. Zima pampu kwenye swichi kuu, usiiamini taima peke yake, isije ikaiwasha ukiwa umeinamia maji. Kuna kifaa cha plastiki kinachochomekwa kwenye mti mrefu wa brashi: unakilenga kwenye matundu ya kichwa, unakandamiza, unazungusha kinyume cha saa kama robo hivi. Toa kimoja kimoja na uandike kimetoka wapi, kwa sababu tundu la maji la kile cha kwenye ngazi na kile cha katikati ya sakafu huenda si sawa. Mimi sikuandika. Nilikuja kubahatisha.

Kile cha kwanza nilikigonga kwenye kiganja, zikamwagika punje za mchanga. Nikataka kulaumu zile dhoruba za vumbi za kiangazi, zinazogeuza mchana kuwa jioni huku kwetu. Lakini vumbi la dhoruba ni laini kama unga wa sembe. Hizi zilikuwa punje za kung'aa, zimelingana kama sukari. Halafu maji yanayofika kwenye kichwa yameshapita kwenye chujio, sasa mchanga umepitaje? Ulikuwa mchanga wa chujio lenyewe! Chujio langu ni tanki lililojaa mchanga unaonasa uchafu. Chini ya tanki kuna vidole vya plastiki vyenye nyufa nyembamba, vinavyopitisha maji na kuzuia mchanga. Viwili vilikuwa vimevunjika. Ningefunga vichwa 14 vipya, vingejaa mchanga uleule.

Basi nikatengeneza chujio kwanza. Kisha, kichwa kikiwa bado nje, niliwasha pampu kwa muda mfupi ili maji yateme mchanga uliobaki kwenye bomba. Viwili kati ya vile vitatu vilikuwa pia na chokaa nyeupe, maana maji ya huku ni magumu; nilivilaza usiku kucha kwenye siki nyeupe, kimoja kikapona kabisa. Viwili vilivyobaki nilivinunulia mbadala. Usiende dukani ukiikumbuka rangi tu, beba kichwa cha zamani mkononi. Kama modeli yako haitengenezwi tena, uliza mbadala unaoingia kwenye kola ileile, yaani pete inayokishika kichwa, iliyozikwa kwenye zege, ili usije ukavunja sakafu. Na ukifungua vali, oringi (pete ya mpira) ya kifuniko chake ipake grisi ya silikoni, si vaselini, ambayo huvimbisha mpira.

Kosa langu la mwisho lilikuwa haraka. Kichwa kimoja nilikizungusha nikaona kimekaa, bila kukijaribu kwa kukivuta juu. Zamu ya kundi lake ilipofika kiliruka kutoka sakafuni na tundu likawa linatapika maji. Salma ndiye aliyekizamia, akakikuta kwenye kona ya kina kirefu, na tangu siku hiyo ananidai dola moja kwa kila kitu anachookota huko chini.