Darasa la pili hatuna vitabu vya hadithi

SWALI: Assalaamu alaykum, Bi Mwalimu. Nasomesha darasa la pili, Micheweni, Pemba. Vya kiada tunavyo, vya hadithi hatuna hata kimoja. Mgeni mmoja wa Ulaya ametuahidi sanduku la vitabu vya Kiingereza. Nisubiri, au nianze vipi? Fedha sina.
— Mwalimu, Micheweni

JAWABU: Waalaykumu salaam, mwalimu mwenzangu. Usisubiri. Masanduku hayo nimeyafungua mengi: ndani kuna kamusi nzito kama jiwe la kusagia, na hadithi za watoto wanaochezea theluji. Mwandikie mgeni wako mapema, umwombe rimu za karatasi na wino wa printa. Akiona haya kuleta karatasi, mwambie ndicho kitu mnachokitaka. Mtoto anayeanza kusoma anahitaji kitabu chembamba, herufi kubwa, lugha anayoisikia kwao.

Vitabu hivyo vipo. African Storybook, mradi wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, umeweka kwenye intaneti hadithi za Kiswahili za kushusha bure. Leseni yake inakuruhusu kuchapa na kugawa, mradi usifute jina la mtunzi na la mchoraji. Zimepangwa kwa ngazi. Wako waanzie ngazi ya kwanza, ya sentensi mojamoja. Lakini zisome wewe kwanza, kwa sauti. Nyingine zimetafsiriwa kivivu, hazipandi mdomoni. Hizo ziache.

Printa katafute kituo cha walimu, Wingwi, halafu uende tawi la maktaba Chake Chake uulize utaratibu wa kuazima vitabu kwa jina la skuli. Chukua barua ya mwalimu mkuu yenye muhuri. Bila muhuri utapigwa danadana mpaka jioni.

Sasa kushona, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu. Stepla usitumie, kwa hewa yetu ya bahari pini zinaota kutu na kurasa zinachanika palepale. Karatasi nne za A4 ukizikunja katikati unapata kurasa 16. Weka jalada la manila, toboa matundu matatu kwenye mkunjo kwa shazia. Ingiza uzi tundu la kati kutoka ndani kwenda nje, rudi ndani kwa tundu la juu, shuka kwa ndani hadi la chini, toka nje, kisha rudi la kati. Kaza, funga fundo kwa ndani. Kitabu kimoja hakimalizi dakika tano, na watoto wa darasa la sita wanaweza kukusaidia.

Chapa nakala tano za hadithi moja kabla hujafikiria ya pili, wapate kusoma kikundi kizima. Rafu si lazima: funga kamba ukutani, vibanie kwa vibanio vya nguo. Sakafuni usiviweke, mchwa hawana huruma.

Na kabati lisifungwe kufuli, nakusihi. Nimeona vitabu vipya vikizeeka ndani ya makabati kwa sababu mwalimu aliogopa kuulizwa. Ijumaa wachukue, Jumatatu warudishe, majina uandike daftarini. Kikipotea usimtoze mzazi; faili unalo, chapa kingine.